KUNGOJA PASIPO SIKU SI SUBIRA

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika kurasa za chama chetu tuseme neno ambalo wengi wetu hapa Kharumwa hulinong'ona jioni, illa mchana hatuna ulimi wa kulitamka. Ni habari ya watumishi walioomba kuwa maafisa wa akiba, nasi tumo miongoni mwao.

Tulijaza karatasi. Tukapimwa macho, moyo na mapafu. Tukaulizwa habari za baba zetu na babu zetu. Mwisho tukaambiwa, "Nendeni mkangoje, mtaitwa." Tangu siku hiyo mpunga umevunwa mara mbili, nasi hatujaitwa wala hatujakataliwa. Mmoja wetu ameacha kukodi shamba, kwa maana huenda akaitwa kabla ya mavuno. Mwingine ameahirisha arusi. Wa tatu anahesabu miezi, kwa kuwa karatasi yaweza kulala katika jalada, lakini umri haulali.

Wako wanaotujibu kwamba subira yavuta heri. Twawauliza: Je, mkulima angojaye mvua hajui mwezi wake? Asiyejua siku wala mwezi hasubiri, bali amefungwa pasipo hukumu. Na wazee walinena pia kwamba ngoja ngoja yaumiza matumbo.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Katika vita kuu ya pili askari wa King's African Rifles walipigana Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, lakini hakuna Mwafrika wa jeshi hilo aliyepewa kamisheni katika vita ile. Mwaka huo huo wa 1942, huko Gold Coast, mwalimu Seth Anthony alikuwa amekwisha kuwa afisa. Basi haikuwa kweli kwamba Mwafrika hawezi; aliambiwa angoje tu. Katika miaka ya 1950 wenzetu wa huku wakapewa cheo cha efendi, juu ya sajini na chini ya afisa, kama mtu aliyekaribishwa barazani asiingizwe ndani. Uhuru ulipofika mwaka 1961, maafisa wetu wa Tanganyika walikuwa wachache mno, na tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Colito wakaasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa Waingereza. Hatuusifu uasi hata kidogo. Twasema tu kwamba kungoja kusikokuwa na mwisho hujitafutia mwisho wake, nao si mwema.

Tena, mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, wanamgambo waliitwa, wakaenda vitani pamoja na askari wa kudumu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, 1979. Nchi ilipowaita, watu hao hawakuiambia ingoje.

Hatuombi upendeleo. Jeshi lina haki ya kumkataa asiyefaa, nalo lina siri zake ambazo hatutaki kuzijua. Twaomba mambo matatu tu. Kwanza, kila aombaye apewe stakabadhi yenye tarehe. Pili, aambiwe mapema ni lini atajibiwa. Tatu, aliyekataliwa aambiwe, "Hapana." Neno hilo ni chungu, lakini mtu akilipata hurudi shambani kwake, akaoa, akajenga.

Sasa, ndugu wanachama, hatuna budi kusema na upande wa pili wa kweli. Jalada letu halikujilaza lenyewe. Limelazwa na karani, mtu aliyesoma kama sisi, mwenye kalamu na muhuri kama sisi. Na juu ya meza zetu je? Yuko mjane anayengojea mafao ya mumewe. Yuko mchimbaji mdogo wa dhahabu anayengojea leseni, naye amekwisha kukopa fedha za nauli. Hao nao tumewaambia, "Njoo kesho," na kesho hiyo hatukuiandika popote. Tutamlaumuje aliye juu yetu kwa tabia tuliyoifanya desturi sisi wenyewe?

Basi twashauri hivi: kesho asubuhi kila mmoja wetu avute jalada lililo chini kabisa ya rundo lake, alijibu kabla hajanywa chai. Ndipo tutakapoandika madai yetu pasipo haya, wala hapatakuwa na mtu wa kutunyoshea kidole.

Wasalaam,
Sisi makarani wenu, Kharumwa.