Mpemba Hakimbii Mvua Ndogo

Juzi kijana wangu aliye sekondari alikuwa amejilaza kochini akisoma habari za Daniel Boone. Huyu ni yule Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1734, akaingia misitu ya Kentucky, na mwaka 1775 akamhamishia huko mkewe Rebecca pamoja na watoto. Mara kijana akainua kichwa. "Baba, kwani sisi huku hatukuwa na watu wa namna hii?"

Nikamwambia tunao, tena hawako mbali. Vuka kivuko cha Likoni, pita Diani na Msambweni, ukishaipita Ramisi kata kushoto ushuke mpaka barabara ikomee baharini. Hapo ni Shimoni. Wageni huenda kutazama mapango yaliyoupa mji huo jina, au kupanda mashua kwenda Wasini na Kisite. Lakini leo, msomaji wangu, tuwaache wageni na kamera zao. Tuwatazame wavuvi wanaoitwa Wapemba.

Kisiwa cha Pemba kiko ng'ambo ya mkondo, mwendo wa kilomita kama 50 hivi. Tangu zamani wavuvi wa Pemba wana desturi ya kwenda dago. Hufuata samaki kwa majira ya kaskazi na kusi, huomba mahali kwa wenyeji, hupiga kambi ufuoni, huvua miezi kadhaa, kisha hurudi kwao.

Sasa chukulia kijana mmoja wa Kipemba aliyekuja dago miaka ya 1940. Mali yake yote ni ngalawa, mishipi na madema. Msimu wa kwanza analala chini ya tanga. Msimu wa pili anajenga kibanda cha makuti. Wa tatu anakuja na mke, au anaoa papo hapo, kwa kuwa dini ni moja, na lugha ni Kiswahili, hata kama Kipemba na Kivumba hutaniana. Mwanamume anatafuta bahari, mwanamke anakaanga samaki na kuuza, na jioni anasuka ukili. Mnazi unapandwa. Mtoto anazaliwa, anapelekwa chuoni kusoma Kurani. Siku mnazi ule unapoanza kuzaa, mtu huyo si wa dago tena. Amekuwa wa Shimoni.

Je, alivuka mpaka? Hapa ndipo wanafunzi wafungue macho. Wakati ule mwambao wa Kenya ulikuwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, ingawa Mwingereza aliusimamia kwa mkataba wa 1895. Aliyetoka Pemba kuja Shimoni alitoka katika milki ya Sultani akaingia katika milki ya Sultani yule yule. Oktoba 1963 ndipo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, walipokubaliana mwambao uwe sehemu ya Kenya. Uhuru ukaja Desemba. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi Zanzibar, na wengine wakaja Shimoni kwa hofu badala ya kufuata samaki. Wale wa zamani hawakusogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliowafuata.

Wahenga walisema Mpemba hakimbii mvua ndogo. Lakini mvua ya kukosa kitambulisho haikuwa ndogo. Bila kitambulisho hupati leseni ya kuvua kwa jina lako, hufungui akaunti benki, husajili laini ya simu, hupigi kura, wala huandikishi shamba ulilolima miaka 30. Samaki ni wako mpaka ufike nchi kavu, kisha unamtafuta jirani mwenye karatasi akusemee. Na lililouma zaidi ni la watoto. Mzazi asiye na kitambulisho hupata taabu kumtolea mwanawe cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye na cheti huzuiwa kwenye milango ya mitihani. Hivyo umaskini ukarithishwa kama jina la ukoo.

Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko huko Kwale, walionyesha njia. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wapatao 7,000 kwa makadirio, waliendelea kungoja. Walitambuliwa mwaka 2023, na Julai mwaka huo Rais William Ruto akawapa vitambulisho huko Kilifi. Kutoka 1963 hadi 2023 ni miaka 60. Wangapi walizikwa wakiwa wageni nyumbani kwao?

"Boone naye alipokonywa ardhi," kijana wangu akasema. Ni kweli. Kentucky aliipoteza kwa kuwa hati zake zilikuwa na kasoro. Mwaka 1799 akahamia Missouri, iliyokuwa ya Hispania, akapewa shamba. Mwaka 1803 Marekani ikalinunua eneo hilo lote kutoka Ufaransa, na karatasi zake zikakataliwa. Bunge lilipomrudishia sehemu mwaka 1814, Rebecca, aliyemzalia watoto kumi, alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Ila nilimkumbusha kijana jambo moja: Boone na wenzake waliingia kwa bunduki katika nchi ya Washawnee. Mpemba aliingia kwa kubisha hodi.

Basi, ndugu msomaji, nakuachia kazi mbili Jumapili hii. Kama kuna mtoto nyumbani asiye na cheti cha kuzaliwa, kesho usiingojee keshokutwa. Na nyinyi wanafunzi, kaeni na bibi na babu mwulize tulitoka wapi, tulipokewa na nani, na tulikuja kwa chombo gani. Mkisikia vizuri, mtaona kwamba karibu kila nyumba ya mjini ilianza kama dago. Aliyetutangulia kufika ndiye aliyetukaribisha, na hakutuuliza karatasi.

Tuonane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.