BIBIE WA BONGO MOVIE, PIPI YA KAHAWA SIO MBADALA WA USINGIZI! ACHA KUWADANGANYA MADOGO

Kuna bibie mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, ambaye siku hizi kila akishika simu lazima aonyeshe pakiti ya pipi za kahawa. Yuko lokesheni saa tisa usiku, anamenya pipi. Yuko saluni, anamenya pipi. Yuko kwenye foleni ya magari, pipi tena. Na maneno ni yale yale: eti kulala ni kwa walioridhika na maisha, eti yeye anakesha siku mbili na sura bado inang'aa, siri yote ni hivyo vipipi. Video zimesambaa, madogo wameiga, na sasa kuna hadi shindano la nani atamaliza pipi 20 usiku mmoja bila kufumba jicho.

Wengi wameichukulia poa. Ni pipi tu jamani, pipi ya mia kwa Mangi, itamfanya nini mtu?

Basi wenye wazo hilo washuke kwenye komenti za video yake moja. Kuna binti kajitambulisha kuwa yuko kidato cha nne, na kesho yake ana pepa ya moko. Kaandika kwamba amekula pipi 15 tangu jioni, mikono inatetemeka, moyo unadunda mbio, kichwa kinagonga, na hata anachosoma hakiingii. Akauliza: dada, hii ni kawaida? Dada akamjibu. Akaweka emoji mbili za moto na moyo mwekundu. Basi. Mtoto anaomba msaada, staa anampa moto.

Hapo ndipo utani ulipoishia.

Ukweli ni kwamba pipi za kahawa hazifanani. Kuna zile zilizowekwa ladha na harufu tu, hizo mtu anaweza asipate kafeini yoyote ya maana. Na kuna zile zilizotengenezwa kwa kahawa yenyewe, na hizo zina kafeini kama kahawa ilivyo na kafeini. Tatizo ni kwamba kwenye ganda mara nyingi kunaandikwa "kahawa" kati ya viambato, lakini miligramu ngapi za kafeini, kimya. Mtu anahesabu pipi, hahesabu kafeini.

Sasa ipigwe hesabu ya mfano. Tuseme pipi moja ina miligramu 20. Pipi 15 ni miligramu 300. Kwa kulinganisha, kikombe kidogo cha espresso kina kama miligramu 63, na kopo la energy la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80. Kwa hiyo huyo binti alikuwa ni kama mtu aliyegonga makopo karibu manne ya energy, tena akidhani anakula pipi.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na isizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa watoto na vijana wanaokua, kipimo ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Binti wa kilo 45 anaishia kwenye miligramu 135. Kwa pipi za mfano wetu, sita bado yuko ndani ya mstari, ya saba imeshamvusha. Shindano linasema 20! Anayelitangaza ni mtu mzima, wanaolicheza wengi ni watoto wa shule.

Na pipi ina ujanja ambao kikombe hakina. Kahawa ya moto inaunguza mdomo, ni chungu, na kikombe kikiisha kimeisha. Pipi ni tamu, haina moto, haishibishi, na mkono unarudi kwenye pakiti wenyewe. Kafeini nayo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufikia kilele kwenye damu. Mtu akila tatu asione kitu, anaongeza tatu, kisha nyingine tatu. Zikianza kupanda, zinapanda zote.

Hiyo stori ya "inanipa nguvu" nayo ni kiini macho. Mwili wa mtu aliye macho hukusanya kitu kinaitwa adenosini kwenye ubongo, na kadiri kinavyojaa ndivyo usingizi unavyobisha hodi. Kafeini inakwenda kukaa kwenye kiti cha adenosini ili hodi isisikike. Uchovu uko palepale mlangoni, unasubiri. Kafeini ikiondoka, unaingia na ndugu zake wote.

Na haiondoki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Kama miligramu 300 zilikuwa mwilini saa tano usiku, saa kumi alfajiri bado zipo 150, na saa tatu asubuhi, pepa ikiwa imeshafunguliwa, zipo kama 75. Binti kakaa kwenye chumba cha mtihani na zaidi ya espresso moja mwilini, hajalala, na yale aliyoyasoma hayajakaa, kwa sababu ubongo hupanga na kuhifadhi ya mchana mtu akiwa amelala. Kakesha kujaza ndoo iliyotoboka.

Sasa kuna upande wa pili nao. Mchekeshaji mmoja, naye kapuni, ameona kiki imelala tu barabarani akaiokota. Karekodi video anasema pipi za kahawa ni dawa za kulevya zilizoletwa kumaliza kizazi, na anayekula moja moyo unaweza kusimama. Makofi kibao. Huo nao ni uongo, na unaumiza vilevile, kwa sababu dogo akila moja akaona yuko hai, hataamini onyo lingine lolote, hata lile la kweli. Kafeini ilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyozuiwa kwa wanamichezo duniani, ikaondolewa Januari 2004, na leo mwanariadha anakunywa kahawa yake bila kujificha.

Na hapa nyumbani kahawa sio mgeni. Wazee wa vijiweni Kariakoo wanakunywa kahawa chungu na kashata kila jioni wakijadili Simba na Yanga. Kagera huko, Wahaya wanatafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu enzi za mababu, na mgeni akifika anapewa chache za kumkaribisha. Chache! Hakuna mzee wa Bukoba anayemwekea mjukuu kikapu kizima akamwambia amalize kabla hakujapambazuka ili apate likes.

Watetezi wa bibie wana hoja zao. Ya kwanza: ni biashara, mwacheni ale. Sawa, ale. Kutangaza pipi sio dhambi. Mwaka 2021 pipi ya Kopiko ilionekana waziwazi ndani ya tamthilia ya Kikorea ya Vincenzo na dunia haikuanguka. Lakini bibie hajawahi kusema kama analipwa au halipwi. Kama ni tangazo, aseme ni tangazo. Kama sio tangazo, basi anatoa ushauri wa afya bure, na ushauri wenyewe ni mbovu.

Hoja ya pili: kila mtu ana akili zake. Hii ndiyo ya hovyo kuliko zote. Mtu mwenye wafuasi kibao hawezi kuzikumbuka akili za mashabiki siku ya lawama tu, wakati siku ya kuuza wigi na kope anajua fika kwamba akisema "vaa" wanavaa. Ushawishi ni ule ule. Haugeuki kuwa "akili zao" mtoto anapotetemeka.

Hoja ya tatu: mbona yeye hajadhurika? Kwanza hakuna anayejua analala saa ngapi kamera ikizimwa. Pili, miili haifanani. Mjamzito anatakiwa abaki chini ya miligramu 200 kwa siku. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kafeini inakaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Mwenye tatizo la moyo au presha anatakiwa amuulize daktari wake kwanza. Dogo wa kilo 40 sio sawa na jibaba la kilo 90. Na hapo sukari haijaguswa: pipi ngumu sehemu kubwa ni sukari, na anayeimumunya usiku kucha anayaogesha meno sukari usiku kucha.

Kula kwa akili wala hakuhitaji shahada. Moja au mbili baada ya msosi wa mchana, poa. Mtu akishakunywa kahawa, chai, soda ya kola au energy, pipi zinaingia kwenye hesabu ile ile, maana mwili haujui kafeini imekuja na kikombe au na ganda. Jioni pakiti ifungwe. Watoto wadogo wasipewe kabisa kama pipi za kawaida. Na aliyezidisha, akaona kutetemeka na mapigo mbio, aache hapohapo, anywe maji, asiongeze energy juu yake, amwambie mtu mzima aliye karibu. Kifua kikibana, akitapika mfululizo, akizimia, au mapigo yakigoma kutulia, ni hospitali, sio komenti.

Bibie hajaombwa kufunga akaunti. Ameombwa vitu vidogo sana: afute lile shindano, aseme wazi kama pipi zinamlipa, na arudi kwenye ile komenti amjibu yule binti kwa maneno. Emoji moja pungufu, sentensi moja zaidi: "Mdogo wangu, acha hizo pipi, kalale."

Mpaka sasa hajamjibu. Jana usiku kaposti pakiti mpya.

Wadau, uwanja wa komenti uko wazi. Matusi pembeni.