Kauchu kwanza, bati nyuma

Pikap ya kooperative ikirudi toka soko na bati la ndani, juu ya pine ya mbele, limepasuka, watu wanasema: ni barabara. Barabara za Kivu ni mbaya, ndiyo. Lakini sisi tunaona mara nyingi ugonjwa uko chini: zile kauchu ndogo za kuzuia gurudumu zimekatika ao zimeanguka, na hakuna aliyeinama kuziangalia. Gari ikiingia shimo na mzigo, kauchu ndiyo inazuia gurudumu lisipande kupita kiasi. Ikikosekana, chuma inapiga chuma, amotisere inakufa, pine inakula bati. Na mwenye kuvalisha pine kubwa kuliko za kiwanda anaongeza hatari, zaidi akikata kona.

Tena kuna mafundi wanaopiga bati nyundo ili pine ipate nafasi. Tunalipa, ugonjwa ungali pale, na gari inarudi garaji wakati nyanya zinaoza shambani. Kwa maoni yetu, komite isilipe kazi ya bati mbele ya kauchu kubadilishwa. Dereva naye, kila akiosha gari, azungushe usukani mpaka mwisho, aangalie kama rangi ndani imekwaruzwa. Na magunia yapunguzwe: yakizidi, hata kauchu mpya haitadumu.