Majarida ya Intaneti na Msomaji wa Lodwar

Kuhama kwa majarida ya kitaaluma kutoka karatasini hadi kwenye intaneti kumesifiwa kuwa ni ukombozi wa msomaji aliye mbali na maktaba kubwa. Sifa hiyo ina ukweli, ila si wote. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, Turkana, mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Taarifa ya kisayansi ilitolewa mwaka 1985 katika jarida la Nature la Uingereza. Zamani mwanafunzi wa Lodwar alitenganishwa na makala hiyo na umbali. Leo, chuo chake kisipolipia usajili, hutenganishwa nayo na ada. Wenyeji wa ardhi iliyotoa ushahidi wanauziwa maelezo yake.

Majarida ya Kiswahili yasiige mtindo huo. Swahili Forum, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure kwenye intaneti. Aidha, katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi walianzisha gazeti lao la KANERE mwaka 2008 na kulitoa kwenye intaneti. Ikiwa wasio na mtaji waliweza, vyuo vikuu vina udhuru gani?

Hata hivyo, karatasi isitupwe, kwani umeme hukatika na tovuti hufungwa. Kila toleo liwekwe wazi bila malipo, katika faili jepesi linalofunguka kwenye simu, na nakala chache zichapishwe kwa ajili ya maktaba za Lodwar na Kakuma. Taaluma isiyomfikia msomaji haijachapishwa bado.