Malezi ya Nyumbani: Gari la Vipande, Liundwe au Liuzwe?



Mzazi mmoja wa hapa Nduguti ameniuliza jambo ambalo naona litawagusa wengi. Kijana wake wa miaka 13 ameletewa zawadi na ami yake akaaye Maskati: sanduku lenye vipande zaidi ya elfu moja, ambavyo vikiunganishwa huwa gari dogo lenye injini, gia na usukani. Baba ataka kuliuza lingali limefungwa. Asema ni mchezo wa kitoto wenye bei ya mbuzi kadhaa, nao utamla kijana wakati wake wa kusoma. Kijana naye usingizi haumwijii. Je, kitu hiki chastahili kuundwa?

Tuondoe kwanza lililo jepesi. Gari halina roho, basi shaka ya masanamu haimo. Wala kucheza kwa mtoto si dhambi. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na wanasesere, na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba kati yao alikuwamo farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomwuliza habari za farasi mwenye mabawa, alimjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake, na Mtume akacheka.

Lililo zito ni hili: sanduku ni la nani? Hiba aliyopewa mtoto ni mali ya mtoto, na baba ni mwangalizi wake tu. Watakuwapo watakaoleta hadithi isemayo kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake. Lakini wanachuoni wengi wameieleza kwa baba mwenye haja, si kwa baba mwenye kutamani kuongeza mbuzi zizini. Ikiwa nyumba imekosa chakula, hilo ni jambo jingine, na aende kwa shehe wake. Ikiwa chakula kipo, basi asiuze.

Sasa tutazame faida yake. Watu hupenda kuhesabu vipande. Mwaka 2018 kampuni ya LEGO ya Denimaki ilitoa gari la namna hii, mfano wa Bugatti Chiron, lenye vipande 3,599, likauzwa Marekani kwa dola 350 hivi, zaidi ya shilingi laki saba za wakati ule. Kwa mkulima wa alizeti, kununua kitu kama hicho kwa fedha yake mwenyewe ni israfu, nami sisiti kulisema. Walakini wingi wa vipande si kipimo. Vipande mia tano vyaweza kuwa pambo la bodi, na ndani mkawa mtupu. La kuuliza ni hili: chini ya bodi mna nini, na je, chatenda kazi?

Mathalan difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Yakiwa yamefungwa pamoja katika mhimili mmoja, moja litaburuzika. Ndiyo maana nguvu ya injini hupitishwa kwenye difu, ili kila gurudumu liende kwa kadiri yake. Malori yote yatokayo Iguguno kuja kwetu yanayo, lakini ni watoto wangapi wameiona? Kijana aliyeiunda kwa mikono yake ataishika shafti isizunguke, azungushe gurudumu moja la nyuma, na aone la pili likirudi kinyume. Na gia yenye meno 8 ikiisukuma yenye meno 24, itazunguka mara tatu ili ile kubwa izunguke mara moja. Hiyo ni hesabu ya kugawanya, nayo ameishika mkononi.

Msidhani elimu hii ni ya kigeni kwetu. Al-Jazari, Mwislamu wa Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, chenye saa za maji na vyombo vya kupandishia maji. Na kabla ya hapo, katika Surat Saba, Nabii Daud aliyelainishiwa chuma aliamrishwa apime sawasawa katika kuunga pete za deraya.

Huenda mtu akasema: watoto wetu huunda magari ya waya, yenye magurudumu ya malapa mabovu, wala hawatumii hata senti. Kweli, na mimi nayapenda mno. Mwenye kuunda gari la waya hubuni mwenyewe, ilhali mwenye sanduku hufuata mchoro wa mwingine. Na gari la sanduku lisilo na kitu ndani, gari la waya lalishinda. Lakini gari la waya halina difu wala gia. Aliyekwisha kuunda la waya ndiye atakayefaidi zaidi la sanduku, na kijana huyu, nasikia, ameyaunda mengi. Nasema aliunde.

Ila kazi hii ina shida yake, na baba aijue. Kosa la ukurasa wa 20 huenda lisionekane mpaka ukurasa wa 90, gia zikisha kufunikwa. Basi kila hatua kijana azungushe shafti kwa kidole. Ikikwama, abomoe mpaka alipokosea, wala asiifunike. Baba akae karibu lakini asimshikie kazi. Dada yake naye aitwe, kwani gia hazichagui. Adhana ya Magharibi ikisikika, vipande viachwe palepale vilipo. Gundi isitumike kabisa, na kitabu cha michoro kihifadhiwe, ili gari libomolewe na mdogo wake aliunde tena mwakani. Na kwa kuwa nyumba ile ina mtoto atambaaye, vipande vidogo viwekwe katika kopo lenye kifuniko, juu ya kabati.