YAFAA KUBADILISHANA WACHEZAJI AU KUWAFUNDISHA?

Katika shule yetu mabishano juu ya mpira wa kikapu hayaishi. Kila turudipo kutoka likizo, wale wanaofuata ligi ya NBA ya Marekani huja na habari mpya: timu hii imemtoa fulani, timu ile imemchukua fulani. Na wapenzi wa timu dhaifu ndio wenye maneno mengi kuliko wote. Hawana vikombe vya kujivunia, basi hujivunia matumaini. Mmoja husema, "Tukimpata yule bwana, mwakani mtatukoma!" Mwingine humjibu, "Wageni wa nini? Waacheni vijana wetu wakue." Nimeona yafaa niseme neno langu katika gazeti hili, kwa sababu pande zote mbili huacha jambo moja kubwa.

Neno langu ni hili. Timu inayoshindwa haiponi kwa kubadilishana wachezaji peke yake, wala haiponi kwa kungojea tu. Hupona inapowafundisha wale ilio nao, kisha ikatafuta wageni wa kuwasaidia hao, si wa kuwafukuza. Kwa hiyo mpenzi wa timu anayetaka kuhukumu kwa haki hana budi kuuliza kwanza, "Je, wetu wamefundishwa?" kabla ya kuuliza, "Tumtoe nani?"

Kwa ajili ya wazazi wetu wasioufuata mchezo huu, nieleze kidogo. Kila upande huingiza kiwanjani watu 5 tu, na kwa hiyo mtu mmoja hodari huweza kuugeuza mchezo kuliko katika kandanda yenye watu 11. Kila timu ya NBA hucheza michezo 82 kwa msimu. Msimu ukiisha, timu huweza kubadilishana wachezaji, mmoja kwa mmoja au wengi kwa mmoja, na mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Kadhalika kila mwaka huchaguliwa vijana wapya, na timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa bahati kubwa ya kuchagua mapema. Haki hiyo ya kuchagua nayo huweza kutolewa kama mali katika mapatano. Tena kuna sheria za mishahara, hata tajiri hawezi kumchukua kila amtakaye.

Sasa natoa mfano wa timu ya Detroit Pistons, ambayo naona ina mafundisho kwa pande zote mbili za mabishano yetu.

Detroit si timu ya hivi hivi. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka wa 1989, mwaka wa 1990, na tena mwaka wa 2004. Baadaye ilishuka, na mwezi wa Januari 2018 wakuu wake waliona kuwa dawa ni kuleta mtu mwenye jina. Wakamchukua Blake Griffin kutoka Los Angeles Clippers, aliyekuwa na mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 171 hivi. Ili kumpata waliwatoa wachezaji 3, mmoja wao Tobias Harris, pamoja na haki yao ya kuchagua kijana mpya katika duru ya kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, mwenyeji alipona? Msimu wa 2018-19 Griffin alicheza vizuri mno, akafunga wastani wa pointi 24.5 kwa kila mchezo. Lakini timu ilishinda michezo 41 na kushindwa 41, ikaingia katika mtoano, na Milwaukee Bucks wakaitoa kwa michezo 4 bila jibu. Kisha goti likamsumbua Griffin. Msimu uliofuata alicheza michezo 18 tu, na mwezi wa Machi 2021 akaagana na timu. Na ile haki ya kuchagua iliyotolewa? Ilikuwa nafasi ya 12. Clippers waliitumia, pamoja na nyongeza kidogo, kumpata kijana aitwaye Shai Gilgeous-Alexander, ambaye mwaka wa 2025, akiwa Oklahoma City, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Simlaumu Griffin hata kidogo. Yeye alitoa jasho lake. Nasema tu kwamba mtu mmoja mkubwa, akiletwa penye nyumba isiyo na nguzo, hawezi kuibeba paa kwa kichwa chake.

Basi Detroit ikashika njia ya pili, yaani njia ya vijana. Mwaka wa 2021 ilipata bahati ya kuchagua wa kwanza, ikamchukua Cade Cunningham. Mwaka wa 2022 wakaja Jaden Ivey na Jalen Duren, na mwaka wa 2023 akaja Ausar Thompson. Mwaka huo huo aliletwa kocha Monty Williams kwa mkataba wa miaka 6. Wale wasemao "waacheni wakue" walikuwa wamepata walichokitaka. Lakini tazama yaliyotokea. Katika msimu wa 2023-24 timu hiyo ilishindwa michezo 28 mfululizo, jambo ambalo halijapata kutokea katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Watazamaji wakapiga kelele uwanjani wakimtaka mwenye timu aiuze. Mwisho wa msimu ilikuwa imeshinda michezo 14 na kushindwa 68.

Hapa ndipo nawaomba wanafunzi wenzangu wafikiri. Kama wewe ungekuwa mkuu wa timu hiyo katika mapumziko ya mwaka wa 2024, ungefanya nini? Najua wengi wangesema, "Wauze wote, tuanze upya." Hasira ya kushindwa ni mshauri mbaya. Wakuu wapya wa Detroit hawakuwauza vijana wao. Waliachana na kocha, wakamleta J.B. Bickerstaff. Kisha wakatafuta watu wazima watatu: Malik Beasley, Tim Hardaway Jr., na Tobias Harris. Naam, Harris yule yule waliyemtoa mwaka wa 2018!

Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyekuwa nyota mkubwa wa ligi. Walikuwa watu waliozoea kazi na waliojua kutupa mpira kikapuni kutoka mbali. Faida yake ni rahisi kueleza, na kila mchezaji wa shule yetu anaijua. Kijana hodari akizungukwa na wenzake wasioweza kutupa kutoka mbali, maadui wote humzonga yeye. Lakini wakiwapo watupaji pembeni, maadui hawathubutu kuwaacha, na kijana hupata njia ya kupita. Beasley peke yake alifunga mitupo 319 ya pointi tatu katika msimu mmoja. Cunningham, aliyekuwa akifunga wastani wa pointi 22.7, akapanda hadi 26.1, na pasi zake za kufungisha zikapanda kutoka 7.5 hadi 9.1 kwa mchezo. Timu ikashinda michezo 44 katika msimu wa 2024-25, zaidi ya mara tatu ya ile 14. Katika mtoano ilitolewa na New York Knicks kwa michezo 4 kwa 2, lakini si kabla ya kushinda huko huko New York na kukata mkosi wa kushindwa michezo 15 ya mtoano mfululizo tangu mwaka wa 2008.

Sasa, ni nani aliyeiponya Detroit? Mwenyeji au mgeni? Mimi nasema ni mwenyeji aliyesaidiwa na mgeni. Vijana wale wale waliozomewa ndio waliosimama. Ila msimu wa kwanza waliachwa wakue kama magugu, na msimu wa pili walipaliliwa kama mahindi.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Boston Celtics, nao ni mfano wa kweli. Msimu wa 2006-07 Boston ilishinda michezo 24 tu. Wakati wa mapumziko ikawachukua Ray Allen na Kevin Garnett, na msimu uliofuata ikashinda michezo 66 na kutwaa ubingwa wa 2008. Wapenzi wa biashara huutaja mfano huu kila mara. Lakini hawatazami ndani yake. Paul Pierce alikuwa Boston tangu mwaka wa 1998, na Kendrick Perkins na Rajon Rondo walianzia kazi hapo hapo. Tena ili kumpata Garnett, Boston ilitoa wachezaji 5 na haki mbili za kuchagua, na wa thamani kubwa kati yao alikuwa Al Jefferson, kijana iliyemlea yenyewe tangu 2004. Maana yake ni kwamba hata sokoni huwezi kwenda na kikapu kitupu. Asiyelima hana cha kubadilishana.

Lakini na wale wa upande wa subira nao wasifurahi upesi. Si kila kijana hukua kama tunavyotumaini. Detroit ilimchagua Mfaransa Killian Hayes nafasi ya 7 mwaka wa 2020, ikamngojea, na mwezi wa Februari 2024 ikamwacha. Subira bila kipimo ni uvivu uliovaa kanzu. Kipimo ninachokiona mimi ni kumlinganisha mchezaji na nafsi yake ya mwaka jana, wala si na nyota wa timu nyingine. Akiwa amesogea mbele, hata kwa hatua fupi, asaidiwe. Akiwa amepewa kocha mwema, nafasi, na wenzake wa kumfaa, na bado amesimama pale pale kwa misimu mitatu au minne, basi kumwachilia si dhambi.

Sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Ndugu yetu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA. Mwaka wa 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Wapenzi wa kikapu huko na huku hupenda kulitaja hilo kwa kucheka. Mimi sicheki. Thabeet alianza kuushika mpira huo akiwa kijana wa miaka kama 15, na katika misimu 5 alipita katika timu 4: Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City. Mche unaong'olewa kila mwaka na kupandwa shamba jingine, ni nani ajuaye ungezaa nini?

Nimalizie na timu yetu wenyewe, maana hapo ndipo maneno haya yanapotugusa. Shule ya serikali haina soko la wachezaji. Kila mwaka Kidato cha Nne na cha Sita huondoka na warefu wetu, na hatuwezi kumpigia mtu simu atuletee wengine. Tulio nao ni vijana wa Kidato cha Kwanza wanaoangusha mpira na kuzomewa na mabweni yote. Naona tumewaiga mashabiki wa timu kubwa katika kuzomea, bali hatujawaiga wale watu wazima wa Detroit katika kusaidia. Mchezaji wa Kidato cha Tano akikaa na mtoto mmoja nusu saa baada ya masomo, akamwonyesha namna ya kusimama na namna ya kutupa, amefanya usajili mkubwa kuliko wote tunaoubishania usiku.

Hata wazazi wetu nawaomba walitazame neno hili. Mtoto akifanya vibaya muhula mmoja, wapo wanaotaka kumhamisha shule mara moja, kama timu inayomtoa mchezaji kwa hasira ya mchezo mmoja. Huenda kuhama kukamfaa. Lakini kwanza ulizeni amefundishwa nini, na nani amekaa karibu naye.

Samaki mkunje angali mbichi. Asiyekubaliana nami na alete hoja zake katika toleo lijalo; nitazisoma kwa furaha.