India iliwahi kula kwa kusubiri meli ya msaada. Ilijinasua vipi?

Julai 2023, India ilipiga marufuku uuzaji nje wa mchele wake mweupe wa kawaida. Bei iliruka katika masoko ya dunia, kwa sababu karibu asilimia 40 ya mchele unaouzwa kati ya nchi na nchi hutoka huko. Sasa hebu fikiria: miaka 60 hivi iliyopita, nchi hiyo hiyo ilikuwa inahesabu meli za ngano kutoka Marekani. Meli ikichelewa, watu hawana uhakika wa mlo.

Usidhani hii ni historia tu ya kukariri. Tangu serikali ya Donald Trump ifunge mfereji wa USAID mwaka 2025, yaliyoipata India yanatuhusu sisi pia.

Tuanze na msaada wenyewe. Mwaka 1954, Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria inayojulikana kama PL 480. Maghala ya Marekani yalikuwa yamefurika nafaka na wakulima wake walitaka soko. Sheria hiyo iliruhusu nchi zisizo na dola za kutosha kununua ziada hiyo kwa sarafu zao wenyewe. India ilitia sahihi mkataba wake wa kwanza 1956. Ilikuwa dili tamu: ngano unapata, na dola zako unazihifadhi za kununulia mitambo ya viwanda.

Lakini dili tamu ina uchungu wake. Wachumi kadhaa walionya kwamba ngano ya bei nafuu ikijaa mijini, mkulima wa nyumbani hukosa sababu ya kulima zaidi. Atamuuzia nani, na kwa bei gani? Serikali nayo ililegea. Mbona uhangaike na mashamba wakati meli inakuja?

Halafu ukaja mwaka 1965. Mvua ilikosekana, na India ikapigana na Pakistan. Rais Lyndon Johnson aliacha mikataba ya muda mrefu, akaanza kutoa ngano kidogo kidogo huku akiamua mwenyewe ni kiasi gani kitoke na lini. Ilikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: anakula pale tu kamba inapofika. Johnson alitaka India ibadilishe sera zake za kilimo. Tena hakupenda ilivyokuwa ikiikosoa Marekani kuhusu vita vya Vietnam. Waziri Mkuu Indira Gandhi alipopinga mashambulizi ya mabomu huko Vietnam mwaka 1966, Johnson alikasirika, na kamba haikulegezwa. Mwaka huo ukame ulirudi, na takriban moja kwa tano ya ngano ya Marekani ikaishia India.

Hapo ndipo utaona presha ya chakula inavyofanya kazi. Huhitaji jeshi. Unachelewesha meli tu.

India ilifanya nini? Waziri wa Chakula na Kilimo, C. Subramaniam, pamoja na wanasayansi kama M. S. Swaminathan, waliamua kutumia mbegu za ngano fupi zilizotengenezwa Mexico na kikosi cha Norman Borlaug. Mwaka 1966, India iliagiza tani 18,000 za mbegu hizo.

Ila mbegu pekee haishibishi mtu. Tayari mwaka 1965 serikali ilikuwa imeunda shirika la kununua na kuhifadhi nafaka, na tume ya kupendekeza bei. Kwa hivyo mkulima wa Punjab alipanda akijua kuna mnunuzi anayemsubiri na bei inayoeleweka. Aliongezewa mbolea na maji ya kunyunyizia. Mavuno ya ngano yalipanda kutoka takriban tani milioni 12 mwaka 1965 hadi milioni 20 mwaka 1970. Mwaka 1968, baadhi ya shule ziligeuzwa maghala kwa sababu nafaka ilikosa pa kuwekwa.

Kuna wanaosema shukrani zimwendee Johnson kwa kuibana India. Mimi sikubali kirahisi hivyo. Presha ilikuwepo, kweli, lakini presha bila mpango wa nyumbani huzaa njaa tu. Pia tusiseme msaada wote ni sumu, kwani utafiti wa Borlaug ulifadhiliwa na wakfu wa Kimarekani, Rockefeller. Tofauti ni hii: msaada mmoja hukulisha leo kisha ukarudi kuomba kesho, mwingine hukuachia ujuzi unaoutumia mwenyewe.

Ushindi huo nao ulikuwa na gharama. Punjab imevuta maji ya ardhini hadi visima vinazidi kwenda chini. Na mwaka 2020 hadi 2021, wakulima walipiga kambi nje ya Delhi kwa mwaka mzima, wakihofia kupoteza soko na bei walizohakikishiwa, hadi serikali ikafuta sheria tatu mpya.

Sasa turudi kwetu. Ufadhili ulipokatwa 2025, mgao wa chakula katika kambi ya Kakuma ulipunguzwa mno na wakimbizi wakaandamana. Uamuzi ulifanywa Washington, lakini sufuria zilizokauka ziko Turkana. Wakati huo huo, mwaka 2003 viongozi wa Afrika waliahidi Maputo kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Kenya bado haijafika hapo.

Kwa hivyo bajeti ikisomwa, usisubiri kodi za mafuta na simu pekee ndipo upige kelele mtandaoni. Angalia kilimo kimepewa ngapi. Uliza nani atanunua mahindi ya mkulima, kwa bei gani, na yatahifadhiwa wapi. India ilijibu maswali hayo matatu ikiwa bado inasubiri meli.